Kondoo wa Darajani

Babu yangu alikuwa akipita chini ya daraja la reli bila kutazama juu. Baba yake alikamatwa shambani wakati wa palizi, zama za Mjerumani, akapelekwa pale kubeba mawe. Mihimili ya chuma ililetwa vipande vipande, ikaungwa kwa ribiti, misumari minene iliyochomwa kwenye mkaa mpaka ikawa myekundu. Mmoja anairusha kwa koleo, mwenzake anaidaka kwa ndoo, wengine wanaigongelea kabla haijapoa. Aliyekosa kudaka aliungua. Nguzo nazo, walichimba mchanga wa mto mpaka kwenye ardhi ngumu, wakapanga mawe, wakayafukia. Babu alisema mawe yale hayatakiwi kuona jua.

Mimi nimeyaona.

Mto wetu ni mchanga mtupu mpaka mvua zinyeshe. Mji ulipoanza kupanuka, malori yakaja kuzoa mchanga huo wa kujengea, kila siku yakisogea karibu na nguzo. Nawataja kwa kazi zao, wenyewe wanajijua: tajiri wa malori, mwenyekiti wetu wa kijiji aliyemruhusu, na mlinzi wa reli aliyekuwa akila nyama choma kivulini huku watu wanachimba. Nilimfuata mwenyekiti. Akacheka mbele za watu.

"Mama, lile kalijenga Mjerumani. Litatuzika sote."

Mvua zilizofuata, mimi na mume wangu tulikuwa tunavuka kwa njia ya miguu ya mbao iliyo kando ya reli, maji yakipiga kelele chini. Nguzo ya kati ikatikisika. Mbao zikachomoka chini ya mume wangu, aliyekuwa mbele. Mimi nilikumbatia chuma. Mkono wangu ulikuwa juu ya zile ribiti, nazihisi mpaka leo, vichwa vya baridi kama magoti ya mtoto. Simkumbuki akipiga kelele. Tulimpata bondeni maji yalipokauka.

Watu wakasema mto umedai chake. Wazee wakataka kondoo mweusi achinjwe chini ya nguzo. Aliyemtoa kondoo ni mwenyekiti, tena akavua kofia, akanipa pole, akaniita dada. Nami nikala ile nyama, maana ningekataa ningeonekana mimi ndiye mchawi.

Nguzo ilipigwa saruji juujuu, mbao zikarudishwa, treni inapita polepole. Ila asubuhi ya pili baada ya kondoo, lori lilikuwa palepale. Ule mchanga wenye damu waliuzoa pamoja na mwingine. Sasa uko kwenye ukuta wa mtu huko mjini, mtaa wa Nkuhungu labda.

Mwaka huu mvua zimeanza. Binti yangu anavuka hapo kwenda shule, maji yakijaa njia nyingine hakuna. Jana nilishuka nikapima kwa fimbo mguu wa nguzo. Fimbo yote ikapita chini ya mawe, ikaingia kwenye uwazi, wala haikugusa kitu.

Leo nimeficha viatu vyake. Ameondoka peku.