Kopo la Mama Victorine

Kila Jumapili baada ya misa, Papa Barthélemy alimtembeza mke wake Victorine ziwani, katika mashua kuukuu aliyoinunua alipostaafu bandarini. Kila mara moteri ilizima katikati ya maji. Yeye aliitukana huku akiifungua, naye Mama Victorine alichota kwa kopo maji yaliyovuja, akicheka: "Polepole, Papa. Nani anatufukuza?"

Sasa Papa Barthélemy alikuwa akimpeleka Zongwe kwao, akazikwe. Matundu yote alikuwa ameyaziba kwa pamba na mawese. Hata tone halikuingia. Moteri ilinguruma bila kukohoa.

"Shetani wewe," aliiambia, "leo njo umejua kazi?"

Zongwe ilipoanza kuonekana, aliizima mwenyewe. Akakaa kando ya sanduku, kopo kavu mikononi.