Udongo wa Olokeri

Hata leo nikisikia beleshi likikwangua mchanga, hasira hunipanda mpaka meno yananiuma. Sauti hiyo hunirudisha Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ukingo wa mto nyuma ya boma letu. Hapo koko, yaani nyanya yangu, alikuwa na olokeri yake, malisho ya ndama na mifugo wagonjwa tu. Ng'ombe mzima akikanyaga pale, koko alimfukuza kwa matusi nisiyoweza kuyaandika.

Kisha yakaja malori ya mchanga. Baba akayapa njia katikati ya olokeri bila kumuuliza mama yake. Magurudumu yakachimba mifereji, na mvua ilipokuja mto ukaanza kumega ukingo. Sisi watoto tulifurahi! Tulipanda juu ya mabonge yaliyopasuka, tukayarukia mpaka yakaporomoka majini, tukishindana nani ameangusha kubwa.

"Wewe mtukutu!" koko alinifokea, fimbo mkononi. "Huko chini hakuna watu?"

"Koko, mto huu unaingia Athi, na Athi inaenda baharini," nilimjibu kwa majivuno ya darasa la sita. "Bahari haijai."

"Umeiona?"

"Mwalimu alisema."

"Basi nyamaza mpaka uione."

Olokeri iliisha kabla ya koko kufa. Ndama walikonda, naye akaacha kuongea na baba.

Bahari niliiona miaka ya elfu mbili, nilipomaliza sekondari nikawa dereva wa lori la saruji. Malindi, pale Athi inapomwagika ikiitwa Sabaki, maji yalikuwa na rangi ya ukingo wetu. Mvuvi mmoja alinionyesha kipande cha tumbawe kilichovikwa tope.

"Hili lilikuwa hai, bwana," alisema. "Udongo ukilifunika halipati mwanga, lafa. Na samaki wahama. Nyinyi watu wa bara mwatuzika."

Nilitaka kumlaani baba na wenye malori, na bado nawalaani. Lakini yale mabonge niliyaangusha kwa miguu yangu, nikicheka, na koko alikuwa ameniuliza kwa Kiswahili chepesi kabisa.

Juzi, kwenye boma letu ambalo sasa ni langu, dereva mmoja wa lori la mchanga aliniomba njia ya kushuka mtoni. Nikamkatalia, nikamweleza udongo unakoishia.

Akacheka. "Mzee, si bahari ni kubwa?"

"Umeiona?" nikamuuliza, nikafunga geti.