Risaga ya Mlezi Lukresia

Siku mkono wake ulipoinuka juu ya Boke na kubaki hewani, Lukresia aliuogopa mkono ule kama wa mtu mwingine. Mtoto alikuwa amemwaga uji, basi. Akiwa na miaka minne tu, alisimama akimtazama mlezi wake, akilingoja pigo. Lukresia aliushusha mkono taratibu, akachukua kitambaa, akapangusa sakafu. Katika miaka kumi na mmoja ya kulea watoto kwenye kituo cha kijiji chake, nje kidogo ya Kiabakari, hakuwa amempiga hata mmoja.

Hapo awali walezi walikuwa wawili, yeye na Nyamburi. Mwaka 1986 likaja agizo la kupunguza watumishi, na kijiji, ambacho hakikupunguziwa hata mtoto mmoja, kikampunguza Nyamburi. Biashara zilikuwa zimeanza kufunguliwa, naye akaenda kuuza mitumba kando ya barabara ya Musoma. Lukresia akabaki na watoto arobaini na watatu, sufuria moja na mgongo mmoja. Kila mwezi watoto walipimwa uzito kwa mizani ya kuning'inia, na namba zikaandikwa kwenye kadi. Aliyewanyanyua mmoja mmoja mpaka kwenye mizani hakuulizwa chochote.

Alikwenda kwa Alfonce, katibu wa kijiji.

"Naomba siku moja kwa wiki, Katibu. Siku nisiyosikia mtoto."

Alfonce alicheka kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Mwalimu, wewe unakaaga kivulini. Wenzako wako juani na majembe. Sasa unataka kupumzika nini?"

"Kaa na watoto wako watano Jumapili moja, mkeo asiwepo," Lukresia akamjibu, "halafu uje unieleze habari za kivuli."

Katibu alifunga daftari lake.

Ikabidi Lukresia amweleze Nyangi, kiongozi wa akinamama. Nyangi alisikiliza habari za uchovu na za ule mkono, akaelewa nusu.

"Na pamba yako imemezwa na magugu, dada. Tutakuwekea risaga."

Ndiyo desturi ya huko: aliyezidiwa, majirani humwendea siku moja na majembe, wakamlimia, naye akawapikia. Lukresia hakuwa na nguvu ya kubisha.

Jumamosi wakaja wanawake kumi na tisa wakiimba, na nyuma yao watoto wao. Mtu akienda kwenye risaga mtoto humwacha wapi, kama si kwa Lukresia?

"Nishikie huyu," alisema Esta, mama yake Boke, akimsukuma mwanawe uani. "Leo tumekuja kukupumzisha."

Kufikia saa nne alikuwa na watoto thelathini na mmoja, ugali wa watu ishirini motoni na togwa ya kuchuja. Shambani sauti zikaita, "Mwalimu, maji!" Boke akajikwaa kwenye chungu, togwa yote ikaenda chini.

Mkono ukainuka.

Lukresia aliukamata kwa mkono wa pili, akautia ndani ya khanga, akatembea hivyo hadi shambani.

"Acheni," alisema.

"Imebaki mistari mitatu tu," Nyangi akasema bila kuinua kichwa.

"Palizi naiweza. Mmekuja kunipumzisha mkaniletea ileile kazi iliyonichosha."

"Haki, na ugali tumemwambia awahishe," mmoja akasema, wengine wakacheka.

"Mkono wangu umetaka kumpiga Boke," Lukresia akasema. "Mara ya pili hii."

Kicheko kikakatika. Esta alisimamisha jembe lake.

"Ulimpiga?"

"Hapana."

"Basi nipe mwanangu."

Lukresia alidhani kazi yake imeishia hapo. Lakini Esta alirudi naye uani, akambeba Boke mgongoni, kisha akawashika mkono watoto wawili wasio wake. "Nyangi, wa kwako yuko karibu na moto, mfuate," akaita. "Kuanzia leo risaga ni ya watoto. Kila Jumatano wawili wetu tunakaa kituoni, huyu anabaki kwake."

"Na ugali?" mmoja akauliza.

"Mwenye njaa akapike kwake."

Alfonce aliposikia alisema kijiji hakina utaratibu wa namna hiyo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jumatano ya kwanza Lukresia alipalilia ile mistari mitatu peke yake, polepole, bila kuitwa na mtu. Alipofika mwisho aliketi, akaiweka mikono mapajani. Uchovu ulikuwa palepale. Miaka kumi na mmoja haiondoki kwa asubuhi moja. Kutoka kituoni, ng'ambo ya shamba, mtoto akalia. Akainuka nusu. Kisha akasikia sauti ya Esta ikimbembeleza, kilio kikashuka, naye akakaa tena.