Da Tatu wa masjala hakulifuta lile faili

Siamini hata sasa. Jana baada ya alasiri wanaume wamembeba Da Tatu kwenda makaburini, sie wanawake tukabaki kwake Vingunguti tunatazamana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyie mliozoea kunisoma hapa na mapishi yangu na mawaidha ya Ijumaa, leo nivumilieni. Nina jambo limenikaa kooni zaidi ya miaka ishirini.

Miaka ya tisini, zama za ruksa, zahanati binafsi zinafunguliwa kila mtaa, Da Tatu alikuwa karani wa masjala kwenye mojawapo. Mie nimeishia darasa la saba, nimeajiriwa kufagia. Akanivuta ndani: "Mwanaidi, mwandiko wako mzuri, hilo fagio mwachie mwenyewe."

Jamani, alikuwa anawajua wagonjwa! Mtu akitaja jina dirishani, anauliza: "Zainabu yupi? Binti nani? Mama nani? Upande wa machinjioni au wa relini?"

"We Da Tatu, kwani unataka kuniposa?"

"Nikuposee nani? Kaka zangu wote wana akili timamu."

Foleni nzima inacheka, mpaka mwenye homa.

Alikuwa na sababu. Majina yetu watu wa pwani yanafanana, Ally, Omari, Juma, Salum, tunazunguka humohumo. Kwa hiyo kila kadi, pembeni juu, aliandika jina la mtoto wa kwanza. Mama fulani. Hapo hakosei.

Mwishoni mwa miaka hiyo bosi akafungua tawi Gongo la Mboto, akaleta kompyuta mbili, moja huku moja kule, zinaongea kwa waya wa simu. Kile kidude cha kuziunganisha kikianza kulia utadhani paka kabanwa na mlango. "Hii ndiyo netiweki," bosi akasema. "Mgonjwa akihama, faili linamfuata." Tukapiga makofi. Na lilikuwa jambo jema, sitasema uongo.

Ila kompyuta ilikuwa na visanduku vitatu tu vya jina. Da Tatu akauliza, "Na mama nani, naandika wapi?"

"Tatu, hii ni sistimu, siyo kibaraza cha umbea."

Bosi akatuambia tukikuta jina limejirudia tufute moja. Na kazi ya kuingiza kadi kwenye kompyuta ikiisha, masjala itabaki na mtu mmoja.

Mmoja! Nina mimba ya miezi saba, mume wangu kapunguzwa kiwandani. Nikawa nabonyeza herufi kama nakimbizwa.

Mchana mmoja Da Tatu kaenda kuswali adhuhuri. Nikakuta Zainabu Ally Omari mara mbili. Watu walikuwa wakipoteza kadi wanafunguliwa nyingine, nikajua ni mtu yuleyule. Kadi zenyewe zilishafungwa kwenye viroba stoo. Kwenda kufungua viroba niliona kazi, na kumngoja Da Tatu niliona atanipita. Nikafuta moja. Sikusoma hata kumeandikwa nini chini yake.

Walikuwa wawili. Niliyemfuta ni mama Shabani. Kwenye faili lake Da Tatu aliandika ASICHOMWE PPF, maana sindano ile ya penisilini iliwahi kumvimbisha koo nusura afe.

Wiki mbili baadaye mama Shabani, aliyekuwa kahamia Gongo la Mboto, akaugua, akaenda tawi la kule. Hawamjui. Nesi alitusimulia analia: mgonjwa alisema, "Mambo yangu yote Da Tatu kayaandika humo, tazama." Nesi akatazama. Zainabu Ally Omari, hana tatizo. Akamchoma PPF.

Hakuinuka tena pale kitandani.

Bosi akatuita wote wawili. Paswedi ilikuwa moja, ya Da Tatu, kwa kuwa ndiye mkubwa. "Nani kafuta?" Wallahi nilifungua mdomo. Da Tatu akaangalia tumbo langu. "Ni mie, bosi."

Nje nikamng'ang'ania kanga. "Da Tatu, kwa nini?"

"Nyamaza, utazaa kabla ya siku. Zaa kwanza. Halafu kwa Shabani utaenda mwenyewe, kwa miguu yako. Hilo mie siwezi kukubebea."

Alifukuzwa siku ileile. Ile nafasi ya mtu mmoja nikaikalia mie.

Yeye akawa anauza maandazi mlangoni kwake, na mtaa ukampachika jina: Tatu Sindano. Wapo waliokataa kununua, eti maandazi ya muuaji. Anawajibu, "Haya, kapikeni yenu." Kila Idi alikuja kwangu, anauliza jambo moja tu: "Ulishaenda?" Namwambia bado, dada. Anamaliza chai yake, anaondoka.

Jana msibani mwanamke mmoja kaninong'oneza, "Si ndiye yule Tatu Sindano aliyeua mtu?" Nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Nikanyamaza tena. Hata maiti yake nimeinyamazia! Mola anisamehe.

Basi leo asubuhi nimekwenda Gongo la Mboto, kabla ya kuwaandikia nyie. Shabani ni fundi wa mafriji sasa. Kaniamkia shikamoo, kanipa kiti, kaagiza soda. Nikamwambia yote.

Akaiweka chini bisibisi yake. Kisha akasema, "Mama, mie nililelewa na bibi hapo Vingunguti. Miaka yote nimepita mlangoni kwa yule mama, simsalimii. Nilikuwa natema mate."

Hakusema kanisamehe, na mie sikudai. Niliponyanyuka hakunisindikiza hata hatua moja. Ila nilipofika barabarani kaniita, kauliza kaburi liko upande gani. Nikamwelekeza.

Da Tatu, nimechelewa mno, lakini nimeenda. Anakuja kukutolea salamu. Mpokee, dada yangu, kisha ulale, salama usalimini.