Gari yangu isiyo na stata ilivyogoma Rujewa, na Kalenga tunasubiriwa

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hii siyo chai. Waliokuwepo mashineni Rujewa siku ile nadhani wengine wamo humu, nikizidisha chumvi wanisute.

Nina station wagon, manual, ya siku nyingi. Nyumbani tunaiita Shangazi, kwa sababu inafika popote, na ikifika lazima ilalamike. Mlango mmoja wa nyuma unafunguliwa kwa nje tu. Kioo cha dereva nakipandisha kwa viganja. Hayo tumeshazoea.

Sasa stata ikafa. Fundi akasema nibadilishe, nikasema wiki ijayo.

Lakini wakuu, mimi naishi Isanga, Mbeya. Huku kwetu mteremko ni wa bure. Nyumbani napaki mdomo ukiangalia chini, kazini hivyo hivyo, kanisani hivyo hivyo. Asubuhi naachia breki, inateremka, natia gia ya pili, naachia klachi, inawaka. Taratibu nikasahau kabisa kwamba gari ni mbovu.

Ikafika siku ya kipaimara cha Rehema kule Kalenga, Iringa. Rehema ni mtoto wa marehemu dada yake wife. Kabla dada hajafariki, wife alimuahidi kwamba siku hiyo ndiye atasimama nyuma ya mtoto kama msimamizi.

Parokiani kuna utaratibu. Jumamosi saa kumi jioni ni mazoezi ya wasimamizi. Katekista alishatangaza kwamba asiyetokea anawekwa mwingine, hakuna kubembelezana.

Jumamosi asubuhi tukatoka. Wife akasema tupitie Rujewa tuchukue mchele wa sherehe, maana kwenda kwao na mchele wa dukani wakati umepita Mbarali kwenye mpunga wote ule ni kujitafutia maneno.

Tukafika mashineni, pale wanapokoboa mpunga. Nikapaki vizuri, nikazima.

Mkono wenyewe ulizima, wakuu!

Tumeshapakia magunia, nikakaa kwenye usukani, nikatazama mbele. Tambarare. Nikatazama nyuma. Tambarare. Usangu yote ile, hata pa kuviringishia chungwa hakuna.

Wabebaji wa pale wakajitolea kusukuma. Uwanja umejaa pumba za mpunga, kwa hiyo kadiri walivyosukuma ndivyo matairi yalivyozama.

Tukaulizia basi. Za asubuhi zimeshapita, inayofuata ingefika Iringa jioni kabisa.

Rehema akapiga simu. "Mama mdogo, mmefika wapi?"

"Tuko njiani mwanangu."

Wife akakata, akanitazama. Bora angenitukana. Niliona aibu mpaka nikashuka kwenye gari.

Pembeni kulikuwa na mama mmoja wa Kisangu aliyekuja kukoboa, mpunga kauleta kwa mkokoteni wa maksai. Wife ni Mhehe, akamsalimia "Kamwene", naye akaitikia, na lugha zao zinasikilizana. Mara nawaona wanacheka. Nikajua nachekwa mimi.

Yule mama akanifuata. "Baba, kumbe nyie kwenu gari mnawasha kwa mlima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huku kwetu mlima ni ule pale."

Akanionyesha daraja la mfereji wa umwagiliaji. Limeinuka kidogo tu juu ya barabara, mimi nililipita wakati naingia na wala sikuliona.

Akawafungua maksai kwenye mkokoteni, akawafunga mnyororo kwenye gari. Mmoja anaitwa Meneja. Mashine ikazimwa, watu wote nje, simu juu.

"Meneja! Vuta gari ya watu, kuna mtoto anasubiri huko!"

Gari ikachomoka kwenye pumba, ikapelekwa polepole mpaka juu ya daraja, mimi nimekaa kwenye usukani kama bwana harusi. Mnyororo ukafunguliwa, maksai wakasogezwa pembeni. Nikaachia breki. Gia ya pili. Klachi.

Ikakohoa. Ikakohoa tena.

Ikawaka!

Tangu nizaliwe sijawahi kushangiliwa vile. Nikapiga kelele "Ndaga fijo!" dirishani, asanteni sana ya Kinyakyusa, ingawa najua pale siyo Tukuyu.

Makambako, Mafinga, hatukusimama hata kununua karanga. Kupandisha mlima wa Ipogolo kuingia Iringa mjini, wife alikuwa anasali rozari, mimi nambembeleza Shangazi.

Kalenga tumeingia mazoezi yameshaanza. Watoto wamepangwa mstari, kila mmoja na msimamizi wake nyuma. Nyuma ya Rehema hakuna mtu.

Katekista akatunong'oneza amemletea wasimamizi wawili, wote kawakataa. "Amesema mama yake mdogo yuko njiani."

Wife akapita katikati ya watu na pumba zake kichwani, akaweka mkono begani kwa Rehema. Mtoto hakugeuka kuangalia ni nani. Aliushika tu ule mkono.

Mimi nikatoka nje kukagua maji ya rejeta, maana mwanaume kulia mbele ya katekista haipendezi.

Nilichojifunza: gari mbovu ukiizoea unaiona nzima. Na ukipanda na watu, umepanda na ahadi zao pia. Stata mpya imeshafungwa, fundi amecheka sana.

Haya, wenye magari ya masharti leteni visa vyenu, yako inawaka kwa mbinu gani? Na nyie mtakaokuja na "uza hiyo", karibuni, ila mkabishane na Rehema. Yeye ndiye amesema haiuzwi.