Kengele Iliyopanga Foleni

Ukimwita, aliitika "Naam!" kabla hujamaliza. Mama yake alikuwa akicheka kwamba mtoto huyu masikio yake yanalala mlangoni, na hata mvi zilipomwingia hakuacha. Kiwandani wakambandika jina: Sasa Hivi.

Alikuwa fundi wa kompyuta iliyoongoza mkono wa chuma, ule unaosogeza chupa za dawa mbele ya wafunga vizibo. Mmoja wao alikuwa dada yake. Siku moja mkono ulichelewa kusimama, chupa ikapasuka, kioo kikamchana dada kidole.

"Mama huyu mikono imeshakuwa mizito," msimamizi alisema. "Apewe ufagio."

Jioni dada alimkazia macho nduguye. "Niambie ukweli. Mikono yangu mizito?"

"Yako? Wewe uliyekuwa ukinizaba kofi hata kosa sijalifanya?"

Dada alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Kiti kile cha kufungia vizibo ndicho kilichokuwa maisha yake.

Sasa Hivi akaenda kuchunguza, na alichokikuta kilimnyong'onyeza. Ndani ya kompyuta ile moja alikuwa amepanga kompyuta pepe kadhaa, kama wapangaji katika nyumba moja. Ile ya mkono wa chuma ilimwomba mwenye nyumba, yaani programu kuu inayowasimamia wote, aiamshe kwa kengele wakati wa kuusimamisha mkono ukifika. Mwenye nyumba aliisikia kengele barabara, ila badala ya kugonga mlango papo hapo, aliitia habari hiyo kwenye foleni ya kazi nyingine. Ucheleweshaji wenyewe haukufika hata kupepesa jicho, lakini kwa chuma kinachokimbia ulitosha.

Aliitoa kengele ile kwenye foleni, ikawa inashughulikiwa palepale inapolia. Kisha, kabla dada hajarudishwa kwenye foleni ya chupa, akaketi yeye kwenye kile kiti, akafunga vizibo hadi wakati wa kula, huku vingine vikimponyoka.

"Leo wewe si Sasa Hivi," wanawake walimtania, "ni Kesho Kutwa!"

Mkono haukupitiliza hata mara moja. Akainuka, akamwambia msimamizi mbele ya wote, "Kosa lilikuwa kwenye kazi yangu. Mpe dada kiti chake."

Akapewa.

Miaka ilipita, maradhi ya kifua yakamlaza Sasa Hivi. Asubuhi moja dada alikuwa akimfunika shuka, miguu ikisita kuondoka. Sasa Hivi akamsukuma taratibu.

"Nenda kazini, dada. Ule mkono nimeuacha unasikia."