Herufi Iliyokimbia Ikamwoza Zuhera

Asubuhi hii Kiwalani, Marietha Nikodemu anafungua kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi. Anapangusa vumbi kwenye mashine, anawasha kompyuta, kisha anafanya kile ambacho majirani wote wanajua atakifanya kwanza: anatoa simu na kuanza kugombana na wasomaji wake.

"Wameamka na hasira," anasema akicheka. "Huyu anataka Sarhani apate mke haraka. Huyu anataka afe tu apumzike."

Mama huyu wa watoto wawili huchapa barua za kuomba kazi na mihtasari ya vikao. Kati ya mteja na mteja huandika *Mlango wa Chumvi*, riwaya ya mambo ya ajabu anayoituma kipande kwa kipande kwenye kundi la WhatsApp. Wasomaji wake ni kama mia tatu, wengi wakiwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Kila mmoja hulipia shilingi elfu moja kwa mwezi, na kodi ya kibanda hutoka humo.

Zuhera, binti wa miaka kumi na tisa katika riwaya hiyo, anapendwa na wawili. Mmoja ni Sarhani, mwana wa mfalme wa majini, mzuri wa kutisha, anayetembea juu ya maji. Wa pili ni Mkwela, mchonga vinyago, anayetembea kwa miguu kama sisi, na ndala zake hukatika njiani.

Kundi liligawanyika pande mbili. Timu Jini iliongozwa na Auleria, karani kijana wa yadi ya makontena Kurasini. Timu Mchongaji ilikuwa ndogo, na mwenye kelele kuliko wote humo alikuwa Polikarpo, mume wa Marietha, ambaye kwa bahati isiyoaminika na mtu yeyote naye ni mchonga vinyago.

"Mie sisomagi hadithi," anasema Polikarpo, akipiga msasa kinyago chake. "Ila ile naisoma. Nataka nijue ananifanyaje mle ndani."

Marietha alikuwa na mwisho wake tangu mwanzo: Zuhera atamchagua Mkwela. Mwaka mzima aliubeba kimyakimya, akiwaacha vijana wagombane. Kisha ikaja ile Ijumaa.

Mteja alikuwa amesimama dirishani, anataka kopi na ana haraka. Marietha akatuma sehemu ambayo Sarhani anamkuta Zuhera mlangoni na kumwambia, "Nimekuona." Kidole kikateleza, n ikakimbia. Wasomaji wakasoma, "Nimekuoa."

Neno hilo lingekuwa limetoka kwa Mkwela, watu wangecheka yakaisha. Lakini Marietha mwenyewe alishaweka sheria katika sehemu za mwanzo kwamba neno la jini likishatamkwa halirudi.

"Nilikuwa kazini," anakumbuka Auleria. "Nikapiga ukelele mpaka bosi akadhani kontena limeniangukia."

Timu Jini ikaanza kutumiana picha za keki za harusi. Marietha akaandika kwamba ni kosa la uchapaji. Hakuna aliyetaka kusikia. "Da Marietha, usitufanye watoto," mmoja akamjibu. "Jini keshasema."

Hapo akaogopa kwelikweli. Akilifuta neno, ataonekana mwandishi anayevunja sheria zake mwenyewe, na vijana hawasamehe hilo. Akiliacha, mwisho wake umekufa.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Watu wanaona ni mapenzi ya majini, mambo ya kitoto. Mie ile ndiyo kazi yangu, na Zuhera ni kama mwanangu."

Nyumbani jioni Polikarpo alisusa chai. Alikaa amenuna, kisha akafoka. "Haya, jini kaoa. Kwani huyo binti kaolewa? Nani kamuuliza?"

Marietha akaweka kikombe chini, akamwomba arudie. Polikarpo akarudia kwa sauti ndogo, akidhani amekosea.

Kesho yake kundi likapokea sehemu mpya. Zuhera anamtazama Sarhani usoni na kumwambia, "Wewe umeoa. Mimi sijaolewa." Neno la jini halikurudi, lakini lilimfunga jini peke yake. Akabaki mume asiye na mke, na Zuhera akaondoka na Mkwela.

Wa kwanza kuandika alikuwa Auleria: "Da Marietha, umenikomesha."

Wachache walihama kwa hasira. Wengi walileta wenzao. Lakini ujumbe ambao Marietha hajaufuta ni wa msichana mmoja asiyetaka jina lake litajwe: "Kuna mtu huku kwetu anasemaga keshanioa, kaongea na baba. Leo nimepata cha kumjibu."

Marietha amefurahi siku hizi, na hafichi. Anaendelea na masaibu ya Sarhani, na Polikarpo anatembea kifua mbele mtaa mzima. Mpango wa Marietha sasa ni kuitoa *Mlango wa Chumvi* iwe kitabu cha karatasi, kisomwe hata na binti asiye na simu. Gibson, mwalimu wa sekondari, amejitolea kuupitia muswada. Ameurudisha umejaa wino mwekundu, na kwenye lile neno la Sarhani ameongeza n.

"Nimemwambia, mwalimu, sahihisha kote, hapo niachie," anasema Marietha. "Ukiirudisha hiyo n, binti yangu hana la kujibu."